Ijumaa Chini ya Peugeot ya Muhanna

Alhamisi, baada ya Alasiri

Adil alipiga hodi, akaingia uani, akaliondoa turubai. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akavuta choki, akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo. Peugeot 504 ya kijivu ilikohoa, ikashika.

Nyuma ya pazia la dirisha Bi Miza alikuwa amekaa na tasbihi yake, akisikiliza. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Swala ya Alasiri ikiisha, fundi Adil huvuka barabara kutoka gereji, huwasha gari, huliacha lingurume mpaka lipate joto, hulizima, kisha hunywa chai. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

Gari lilikuwa la Muhanna, mtoto pekee wa Bi Miza. Asubuhi moja ya mwaka tisini na tano, vijana walifunga njia kwa mawe na matairi yanayowaka, na shughuli zote za mji zikafa. Muhanna aliliacha gari nyumbani, akatoka kwa miguu kwenda kutafuta unga. Hakurudi. Hakuna aliyeleta maiti, hakuna aliyesoma hitima. “Akirudi akute inawaka,” Bi Miza alisema. Adil alikuwa amejifunza kuendesha katika gari hilohilo, Muhanna akiwa pembeni yake anacheka. Hakuwahi kumjibu mama huyo neno. Aliwasha gari tu.

Alhamisi hiyo injini ilikuwa haijapata joto mkono ulipoingia kwa dirisha. Pete ya fedha. Harufu ya udi. Mkono ukaushika ufunguo, ukazima.

Kimya.

“Adil?” sauti ya Bi Miza ilitoka ndani. “Mbona imezima?”

Talal aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Adil. Alikuwa na duka la vipuri Bwiza, shati jeupe, meno mazuri. Kila fundi wa Buyenzi alimjua, na kila fundi alijua kwamba vipuri vyake havikutoka vyote dukani.

“Mujibu mama,” alinong’ona.

“Ni mgeni, Mama! Nakuja kuwasha tena.”

“Hamissi anakusalimu,” Talal alisema.

Adil alihisi usukani ukiteleza mikononi. Hamissi alikuwa mdogo wake. Jumamosi iliyopita askari walizingira mtaa na kuwabeba vijana wote wasiokuwa na vitambulisho. Adil alikuwa amezunguka kila kituo alichokijua. Kila mahali walimjibu: hatuna jina hilo.

“Hamissi iko wapi?”

“Kwa Commandant mmoja. Muzima, kwa leo. Lakini acha kuulizauliza kwa vituo, fundi, utamuua mutoto.” Talal alilipigapiga paa la gari, polepole, kama mtu anayemsifu ng’ombe sokoni. “Njoo dukani kabla ya Magharibi. Njoo peke yako.”

Alhamisi, kabla ya Magharibi

Chumba cha nyuma cha duka la Talal kilinuka girisi na mkojo wa panya. Rafu zilikuwa tupu. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa embargo mwaka mzima, na vipuri vilivyobaki mjini vilikuwa vile vilivyokuwa tayari ndani ya magari ya watu.

Wanaume wawili walimsubiri. Sylvère, dereva wa Hiace, mwembamba, mdomo haufungi. Audace alikuwa ameegemea ukuta, viatu vya jeshi miguuni, shati la kiraia juu. Alikuwa ametoroka kambi wakati wa kiangazi. Bastola ilikuwa imechomekwa kiunoni, na hakujisumbua kuificha.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nje, juu ya mawe, ilikaa gari jeupe la milango miwili, fupi, lililoinama kama linataka kuruka. Peugeot 504 coupé. Mzungu mmoja aliliacha alipokimbia vita, na Commandant akaliokota. Dereva wake alilikimbiza bila oili mpaka likafa.

“Meno ya boîte yamesagika,” Talal alisema. Boîte, kwa mafundi wa Bujumbura, ni giaboksi. “Difu nayo imekwisha. Commandant anaoa Jumamosi. Anataka kuingia harusini na coupé hii. Kesho Magharibi anakuja kuichukua. Ikitembea, Hamissi anatoka. Isipotembea…”



“Na mi?” Audace aliuliza.

“Na we unapata karatasi yako. Jina lako linafutwa, unarudi kwenu kama mutu.”

“Na mi?” Sylvère akasema. “Mi nitapata keki ya harusi?”



“504 ni nyingi mjini,” Adil alisema. “Kwa nini ya Bi Miza?”

“Zile zingine zimechoka, zinazunguka mchana kutwa. Ile ya mama haijatembea miaka miwili, na kila siku fundi mzuri anaipasha moto.” Talal alitabasamu. “Boîte kama mpya. Umenitunzia vizuri, ya akhi.”

Maneno hayo yalimwingia Adil kama bisibisi.

“Nimuombe. Nikimuomba atanipa.”

“Atauliza kwa nini. Utamwambia kwa nini. Kesho asubuhi mtaa mzima unajua Commandant anashika batoto ya watu kwa ajili ya boîte. Unafikiri Hamissi atafika jioni?”

Talal akachukua chaki, akachora sakafuni: geti, ua, gari, nyumba.

“Kila Ijumaa mama anapika pilau ya sadaka, anaipeleka kasho, kwa wale wafungwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula. Anakaa mpaka wale, ndiyo anarudi na sufuria yake. Si ndiyo?”

“Ndiyo.”

“Saa hiyohiyo wanaume wote wako musikitini. Gereji zimefungwa. Barabarani hakuna mutu. Tunaingia na adhana ya kwanza, tunatoka kabla ya salamu. Sheikh akishika maikrofoni, hata ukipiga nyundo hakuna wa kusikia. Turubai tunarudisha. Akitazama, gari iko palepale.”

“Na nikiiwasha kesho baada ya Alasiri?” Adil aliuliza. “Staata inafungwa kwenye giaboksi. Haitawaka. Atasikia haiwaki.”

“Utamwambia betri imekufa.”

Adil alitazama mchoro. Kisha akachukua chaki, kwa sababu mkono wake ulihitaji kitu cha kufanya, akachora giaboksi mbele, difu nyuma kati ya magurudumu, na bomba refu la chuma linaloziunganisha, mhimili ukizunguka ndani yake.

“Tunatoa vitu viwili tu. Giaboksi na difu. Bomba tunaliacha. La coupé ni fupi, gari lenyewe ni fupi. Tutatumia bomba lake la zamani, halina ubaya.”

“504 ni 504, fundi,” Talal alisema, akifuta mchoro kwa soli ya kiatu. “Nyinyi mafundi munapenda kufanya kazi ionekane ngumu.”

Ijumaa, asubuhi

Alimdanganya Bi Miza kwamba anataka kupaka girisi chini. Alilala juu ya gunia, akanyunyiza mazutu, mafuta ya dizeli, kwenye kila bolti, akazilegeza moja moja bila kuzitoa. Bi Miza alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Harufu ya pilau ilijaa ua.

Fundi wa chini ya gari huwajua watu kwa miguu. Miguu ya Bi Miza ilikuja polepole, ndala za bluu, hina iliyofifia kwenye kucha. Ikasimama karibu na kichwa chake. Mkono ukashusha kikombe cha chai chini, kwenye saruji.

“Kunywa, baba. Habari ya mdogo wako?”

“Bado, Mama.”

“Nitauliza na mimi.”

“Apana!” Sauti ilimtoka kwa nguvu. Spana ikamponyoka, ikampiga shavuni. “Apana, Mama. Usiulize. Tafadhali.”

Miguu ikageukia jikoni. Kisha ikaondoka, na chai ikapoa bila kuguswa.

Ijumaa, adhana ya kwanza

Bi Miza alitoka na sufuria kichwani, imefungwa kitambaa. Adil, akiwa kwenye kona, alimwona akigeuka mtaa. Wanaume walipita na kanzu zao, miswala mabegani. Mmoja akamwita, “Fundi, twende!” Adil akainua mikono yake michafu kuonyesha kwamba anakwenda kuoga kwanza. Tangu baba yake amshike mkono utotoni, hakuwahi kukosa Ijumaa.

Mtaa ukamwagika, ukabaki mtupu. Adil alitoa ufunguo wa geti, ule aliopewa na Bi Miza mwenyewe, akafungua. Hiace ikaingia kinyumenyume. Geti likafungwa.

“Fanya mbio,” Talal alisema.

Waliinua gari kwa kriki mbili, wakaweka mawe chini ya chesisi. Adil akaingia tumboni mwake. Kuanzia hapo dunia yake ikawa miguu: buti za Audace karibu na geti, sandali za Sylvère zisizotulia, viatu vya Talal vya ngozi, vinang’aa, vinaepuka oili.

Aliondoa staata. Aliondoa mikono ya magurudumu ya nyuma, mmoja, halafu wa pili. Bolti zilikuja bila ubishi, kwa kuwa alikwisha kuzibembeleza asubuhi. Oili ya giaboksi ilipomwagika kwenye beseni, ilikuwa safi, rangi ya asali. Hakuitazama.

“Sha, hii gari imetunzwa kuliko mi,” Sylvère alisema. “Mama yangu hajawahi kunibadilisha oili.”

“Nyamaza,” Audace akasema.

Adhana ya pili ililia. Kisha sauti ya Sheikh ikapanda juu ya mabati, ikaanza khutba.

Ijumaa, khutba

Khutba ilihusu amana. Adil alijaribu kutosikiliza. Alipiga pini ya mkono wa gia kwa nyundo kila Sheikh alipopandisha sauti, akasimamisha nyundo kila Sheikh alipovuta pumzi. Jasho lilimwingia machoni. Alianza kufungua bolti zinazoshika bomba kwenye difu, ili bomba libaki.

Viatu vinavyong’aa vikasogea.

“Unafanya nini?”

“Natenganisha bomba. Nimesema linabaki.”

“Utamaliza saa ngapi? Beba yote.”

“Halitaingia kwenye coupé, Talal. Ni refu. Tutatumia lile la zamani.”

“Lile lipi? Niliuza chuma chote cha zamani Jumatatu. Wavuvi ya Ruziba wamechukua, wanafanya nanga.”

Spana ilisimama.

Adil alilala pale, chuma juu ya kifua chake, akisikia maneno hayo yakishuka ndani yake mpaka chini. Bomba fupi la coupé lilikuwa limelala kwenye matope ya ziwa, limefungwa kamba. Mjini hapakuwa na la pili. Hili lililokuwa juu ya uso wake lilizidi kwa shubiri nzima, na mhimili wa ndani vilevile. Labda wangelikata na kulichomelea, lakini mhimili ukichomelewa ovyo hupasuka kwenye kona ya kwanza. Kazi hiyo ilihitaji siku kadhaa na mashine ya kuchonga. Commandant angefika Magharibi.

Coupé isingetembea. Basi Hamissi asingetoka. Na yeye alikuwa amekwisha kulipasua gari la Muhanna.

“Fundi!” Talal akapiga bodi kwa pete. “Umelala?”

Aseme? Akisema, kila kitu kinakufa sasa hivi. Asiposema, kinakufa jioni. Mkono wake ukaendelea kufungua peke yake, kama mkono wa mtu mwingine.

“Commandant amemwona Hamissi jana?” aliuliza kutoka chini.

“Amemwona.”

“Anasemaje?”

“Anasema mutoto analia usiku. Fungua, fundi.”

Hamissi hakuwahi kulia usiku, hata siku alipomwagikiwa asidi ya betri mguuni. Aliuma shati lake, akatetemeka, lakini hakulia. Adil aliligeuza jambo hilo kichwani. Kisha Sheikh akamaliza dua, iqama ikasomwa, na maelfu ya watu wakasimama kwenye safu.

Ijumaa, rakaa ya mwisho

Ilibaki bolti moja. Uzito wote ulikuwa juu ya kriki ndogo na mikono ya Sylvère, aliyepiga magoti kando akishika difu.

Komeo la geti likagonga.

Buti za Audace ziligeuka. Viatu vya Talal vikaganda.

Geti lilifunguka kidogo, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake. Adil aligeuza kichwa kwenye gunia. Kati ya gurudumu na jiwe aliona ndala za bluu. Kwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa, Bi Miza alikuwa amerudi kabla ya wakati, na alikuwa hana sufuria.

Nyuma ya ndala hizo kulikuwa na miguu mingine. Mitupu, imejaa vumbi, imevimba. Kwenye mguu wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo, ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana. Alama ya asidi.



“Musisogee,” Audace alisema. “Funga geti, mama.”

“Hii ni nyumba yangu,” Bi Miza alisema. “Nyinyi ni ba nani?”

“Hamissi!” Adil alijivuta kutoka chini ya gari, mgongo ukichanika kwenye changarawe. Akasimama, mweusi kwa oili mpaka kwenye nywele. “Hamissi!”

Mdogo wake alimtazama yeye, kisha gari, kisha bastola. Mdomo ulikuwa umepasuka.

“Yaya? Kaka, unafanya nini hapa?”

“Ulikuwa wapi? Kwa Commandant?”

“Commandant gani? Niko kasho tangu Jumamosi, pale nyuma ya soko. Niliwapa jina la uongo, niliogopa wakufuate na we. Leo Mama Miza amekuja na pilau, ameniona, amesimama mdhamini. Mlinzi anamjua.” Akameza mate. “Ameacha sufuria hata wafungwa hawajala. Amesema twende haraka, tukuvizie hapa, ukija kuwasha gari unikute.”

Msikitini watu walisema amina kwa sauti moja, ndefu.

Bi Miza alikuwa akitazama chini ya gari, giaboksi ikining’inia nusu nje, oili kwenye beseni, gunia lake mwenyewe la mkaa limetandikwa kama kitanda.

“Talal,” Adil alisema. “Hukujua hata yuko wapi.”

“Nilijua ameshikwa. Ilitosha.” Talal aliipangusa pete yake kwenye shati. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini limebaki upande mmoja. “Umepata ndugu yako, alhamdulillah. Sasa toa bolti ile, tupakie, twende ukafunge. Audace, mushike huyo mutoto.”

Audace hakumshika mtu. “Kumbe ulimdanganya.”

“Ningefanyaje? Asingekuja.”

“Haitafunga,” Adil alisema. Alisema kwa Audace, si kwa Talal. “Bomba la coupé ameliuza Ruziba. Hili ni refu. Leo jioni coupé haitatembea, na kesho haitatembea. Hata umpige risasi fundi yeyote wa Buyenzi, haitatembea.”

“Mwongo!” Talal akapiga kelele. “504 ni 504!”

“Mi nilimsikia,” Sylvère alisema. Alikuwa bado amepiga magoti, difu mapajani, mikono imelemewa na uzito. “Chef, fundi alikuambia jana. Mbele yetu.”

Audace alimgeukia Talal taratibu. “Na karatasi yangu? Commandant alisema nini hasa juu ya jina langu?”

“Alikubali.”

“Maneno gani?”

“Audace, si wakati wa…”

“Maneno gani?”

Talal alitazama geti. Lilikuwa jicho la haraka tu, la mtu anayepima umbali. Sylvère aliliona.

“Mwambie, chef,” akasema. “Mi nilinyamaza, nimeshindwa. Audace, asubuhi kwenye gari alisema akimpelekea Commandant coupé na deserteur siku moja, atapewa njia ya kupitisha mafuta ya magendo mpakani. Deserteur, askari mtoro, ni we, sha. We ndiye zawadi ya harusi.”

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Talal alikimbia. Bastola ikalia mara moja. Njiwa wote wa Buyenzi wakaruka kutoka kwenye mabati. Talal akaanguka ubavu, mikono kwenye paja, kiatu kimoja kinachong’aa kikabaki nyuma kimesimama peke yake.

Sylvère aliiachia difu. Chuma kilishuka kwa kishindo, kriki ikaruka, na bolti ya mwisho ikakatika. Mfumo wote, giaboksi, bomba na difu, ukalala juu ya gunia, mahali alipokuwa amelala Adil. Peugeot ilibaki juu ya mawe, imetoka matumbo.

Audace alisimama akiitazama bastola yake. Ilionekana kama atapiga tena. Bi Miza akatembea, na ndala zake, akapita mbele ya mdomo wa bastola kana kwamba ni tawi la mti njiani, akapiga magoti kando ya Talal. Akavua mtandio wake, akaufunga juu ya jeraha, akakaza kwa meno.

“Toka kwangu,” alimwambia Audace bila kugeuka.

Audace akapanda pipa, akaruka ukuta wa nyuma. Sylvère alikuwa amekwisha kufungua geti, na Hiace ikatoka ikiwa tupu, milango ya nyuma ikipiga makofi.

Ijumaa, salamu

Salamu ya kulia ilisomwa, kisha ya kushoto. Kwa kawaida mtaa ungejaa mara moja. Safari hii hakuna aliyetoka, kwa sababu wote walikuwa wamesikia risasi. Kwa mbali, kutoka kizuizi cha barabara kubwa, buti zilikuja zikikimbia.

Hamissi alikuwa amekaa chini, magoti kifuani. Adil alisimama katikati ya ua. Hakujua aweke wapi mikono yake.

“Mama,” akasema.

Bi Miza alikuwa bado ameshika mtandio uliolowa. Nywele zake, ambazo Adil hakuwahi kuziona, zilikuwa nyeupe zote.

“Ungeniomba, Adil.”

Alisema polepole, bila hasira. Adil angependa hasira.

“Waliniambia watamuua.”

“Ungeniomba.”

Geti likasukumwa. Askari watatu, koplo mbele, kijana, jasho limemjaa. Mdomo wa bunduki ukazunguka ua: mwanamume anayevuja damu, gari lililopasuliwa, kijana asiye na viatu, fundi mwenye oili mpaka machoni.

“Nani amepiga risasi?”

“Amekimbia,” Bi Miza alisema. “Ameruka ukuta.”

“Wenzake je?” Koplo alimsogelea Hamissi. “Carte yako?”

Hamissi hakuwa na kitambulisho. Ndicho kilichompeleka kasho mara ya kwanza.

Talal aliinua kichwa kutoka kwenye changarawe. Alikuwa mweupe kama shati lake, lakini sauti ilikuwapo.

“Huyo!” Alimnyoshea Adil kidole chenye pete. “Huyo ndiye mwizi. Muulize nani alikuwa na ufunguo. Muulize nani alifungua bolti. Mutazame mikono!”

Koplo akamtazama Adil mikononi. Bunduki ikafuata macho. Adil hakujificha. Kila neno alilosema Talal lilikuwa la kweli, na Adil alikosa mahali pa kupenyeza uongo. Alimtazama Hamissi, ili awe wa mwisho kumwona.

“Ni kweli, mama?” koplo aliuliza. “Hawa wawili, unawajua? Ni ba nani kwako?”

Bi Miza aliinuka, mkono mmoja kwenye goti, mwingine kwenye bodi ya gari. Aliupitisha mkono huo juu ya paa la kijivu, mpaka mahali ambapo rangi ilikuwa imekwisha kwa sababu kijana mmoja alizoea kuegemea hapo akiongea. Ukakaa hapo. Adil aliona midomo yake ikijaribu neno na kulirudisha, ikijaribu tena. Askari wa nyuma alijikohoza.

Kisha mkono ukaondoka kwenye gari. Bi Miza akatembea, akasimama kati ya Adil na Hamissi, akawashika wote wawili, mmoja kwa shati lenye oili, mwingine kwa bega.

“Mwanangu Muhanna amekufa,” alisema, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. “Hawa ndio nilionao.”